Nani Ashike Mafuta

Alhamisi, 15 Mei

Nimekanda goti tena asubuhi. Maji ya moto na chumvi. Limevimba, linang'aa kama nyanya. Kila tukitoka Mbeya hii ndiyo kazi ya kesho yake.

Safari yenyewe naijua kwa maumivu. Kutoka Sumbawanga mpaka Mpui mguu unavumilia. Laela unaanza kuwaka. Tukifika Tunduma siusikii tena, nakanyaga mafuta kama nakanyaga kwa gogo. Na bado Mbeya. Mguu mmoja, mkao mmoja, lami imenyooka, hakuna hata sababu ya kubadili gia.

Na pembeni yangu Zeno. Mume wangu ameendesha maroli maisha yake yote, mpaka sukari ilipomla kidole cha mguu wa kulia akaniachia usukani. Mimi nimejifunza gari mtu mzima, wanangu wameshaolewa. Hataki nilisahau hilo. Punguza. Ongeza. Mbona umelala. Gari linakohoa, hulisikii? Jana kutoka Tunduma mpaka nyumbani hakunyamaza. Mguu wake ulikuwa unakanyaga breki ambayo upande wake haipo.

Nilipozima gari uani nilibaki nimekaa. Nilitaka atangulie ndani ili nisimwone.

Leo nimeshona sare za shule mchana kutwa. Cherehani ya miguu. Goti hilohilo.

Ijumaa, 16 Mei

Stella amepiga simu. Binti yetu, yuko Mbeya, kwake ndiko tunakofikia tukienda kliniki ya sukari. Anasema magari ya siku hizi yana kitu kinachoshika mwendo chenyewe. Unaweka themanini, unatoa mguu, gari linaenda. Ukigusa breki kinaachia. Wanakiita kruzi. Anasema hata gari la zamani linafungwa, ukipata fundi.

Nimeangalia video kwenye simu mpaka bando likaisha. Nakitaka. Muda mrefu sijakitaka kitu hivi.

Nikamwambia Zeno tukila. Nilikosea. Amecheka, akaweka tonge chini, akacheka tena. Dereva asiyeshika mafuta mwenyewe ni abiria, kasema. Nikamwambia abiria wa gari lile ni yeye.

Hakucheka tena.  Sijutii.

Jumapili, 18 Mei

Misa ya kwanza. Padre amehubiri uvumilivu. Niliona kama ametumwa.

Nje ya kanisa Zeno kawasimulia watu. Mama Stella anatafuta gari la kujiendesha lenyewe, yeye asuke nywele. Kasimulia kwa Kifipa, maana kwa Kifipa inachekesha zaidi. Wamecheka wote, hata wale ambao watoto wao nawashonea sare. Nami nikacheka, kwa meno tu.

 Njiani kurudi Zeno alinishika bega kama kawaida yake siku hizi, kwa ajili ya mguu wake. Nilitembea haraka makusudi.

Jumanne, 20 Mei

Nimekwenda kwa Ozwadi, fundi umeme wa magari, nyuma ya soko. Kijana wa rika la Stella.

"Shikamoo mama. Mzee yuko wapi?"

"Marahaba. Mzee yuko nyumbani. Gari ndilo limekuja."

Hakupenda. Alileta kisanduku kidogo chenye vitufe, kimefungwa kwenye nailoni. Anasema kinachomekwa kwenye pedali ya mafuta, dakika chache tu, nakwenda zangu. Nikamuuliza, pedali ya pikapu hii ina umeme? Akasema magari yote yana umeme. Nikafungua boneti mwenyewe. Nikamwonyesha waya unaotoka kwenye pedali mpaka kwenye pampu ya dizeli. Pikapu yetu ni ya zamani, mafuta yanavutwa kwa waya, gia za mkono. Kisanduku chake kingekaa pale kama ua la plastiki.

"Aisee," kasema. "Umejifunzia wapi, mama?"

Nikafunga boneti. Alitaka kunifungia kitu kisichofanya kazi, halafu kesho aseme nimekiharibu.

Alipoacha ujanja akaongea vizuri. Kwa gari kama letu ziko aina mbili. Moja inavuta waya wa mafuta kwa nguvu ya hewa ya injini, ina mpira kama kibofu. Anayo moja, imetolewa kwenye gari lililopinduka. Nyingine ina mota yake ndogo, mpya, ya kuagiza Dar, inakuja na basi. Zote zinataka sumaku kwenye propela, chuma kile kinachozungusha magurudumu ya nyuma, ili zijue mwendo. Zote zinataka swichi ya breki. Na kwa kuwa gia ni za mkono, lazima na swichi ya klachi, la sivyo ukikanyaga klachi injini inapiga kelele mpaka ife.

Nimeondoka na swali moja kichwani, la kutangulia mengine yote. Nikigusa breki, kinaachia?

Jumamosi, 24 Mei

Nimeiona ile ya hewa. Mpira una nyufa. Ozwadi anasema ataubandika kwa gundi ya tyubu za baiskeli. Nimekataa. Nimeagiza ya mota.

Nyumbani Zeno ana aina ya tatu. Waya wa mkono. Kwenye roli lake la zamani walitoboa dashibodi, wakaweka kirungu. Unavuta, unazungusha, mafuta yanabaki pale ulipoyaacha. Hakuna umeme wa kudanganya watu. Amefika nao Mpanda, amefika nao Kigoma.

Nikamuuliza, ukikanyaga breki?

"Dereva anausukuma kwa mkono."

"Na asipowahi?"

 Alitazama pembeni ya uso wangu, karibu na sikio. Ndivyo anavyofanya siku hizi akitaka kunidharau. Natamani siku moja anitazame machoni, hata kwa hasira.

Alhamisi, 29 Mei

Mzigo haujafika. Ozwadi hapokei simu. Nimemfuata.

Mzigo haujaagizwa. Zeno alimpigia Jumatatu, akamwambia tumebadili mawazo. Na Ozwadi kwa kuwa kasikia sauti ya mwanaume, akafuta.

Nimesimama katikati ya gereji. Mafundi wengine wakaacha kazi wasikilize. Wasikilize.

"Gari linaendeshwa na mimi. Utaongea na mimi."

"Sasa mama, mzee akisema..."

"Mzee akisema, mwambie aje aendeshe."

Ameagiza upya mbele yangu. Mzigo hautafika kabla ya kliniki.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Zeno anasikiliza redio. Nikaizima. Nilimwambia neno ambalo sitaliandika. Alikaa tu, mikono magotini. Hakujitetea, na hilo likaniudhi zaidi.

Jumatatu, 2 Juni

Nimetoka kupeleka sare shuleni nikakuta miguu ya mtu chini ya pikapu. Pius. Aliwahi kuwa utingo wa Zeno, sasa ni fundi wa kubahatisha. Walikuwa wanacheka wote wawili.

Kirungu cheusi kimekaa kwenye dashibodi, kati ya usukani na kiti cha Zeno. Wametoboa dashibodi yangu.

Zeno kasema ni zawadi. Kwa ajili ya goti langu.

Hicho ndicho kilichoniuma. Angesema ni ubishi ningeelewa. Nikamwambia Pius atoe. Pius akamtazama Zeno. Zeno akamwambia nenda nyumbani, Pius. Akaenda.

Nikasema sitaugusa. Zeno kasema basi usiuguse.

Nimempigia Ozwadi aje autoe. Anasema hataki kuingilia ugomvi wa nyumba ya watu, atautoa siku anafunga ile ya mota. Waoga wote.

Jumatatu, 9 Juni

Niko kwa Stella. Mkono bado mzito, lakini lazima niandike.

Tuliondoka na baridi kali, upepo unasukuma gari ubavuni. Zeno kajifunika blanketi.  Watu wako mashambani, mahindi yanavunwa, magunia yamepangwa kando ya lami yakisubiri wanunuzi.

Baada ya Mpui nikaona mkokoteni wa ng'ombe mbali kidogo, unatoka shambani kuingia barabarani. Ng'ombe wawili, mzigo wa magunia, mwanamke amekaa juu, mume wake anaongoza mbele. Nikaachia mafuta mapema. Hata breki haikuhitajika. Ningewapisha tu.

Zeno akasema, "Umechoka. Kaza." Mkono wake ukatoka kwenye blanketi, ukapapasa dashibodi, ukakipata kirungu, ukavuta, ukazungusha.

Gari liliruka. Nilikuwa nimeshatoa mguu kwenye mafuta. Nikakanyaga breki na injini ikakataa kutulia, ikawa inavuta huku mimi nazuia. Nikakanyaga na klachi. Injini ikalia kama nguruwe anayechinjwa, lakini magurudumu yakatii breki. Nikakata usukani kushoto, tukatoka kwenye lami, tukaingia kwenye mabua. Nikazima ufunguo.

Tulisimama ubavuni mwa mkokoteni. Ningenyosha mkono ningegusa gunia. Ng'ombe wameshtuka, wamepindisha nira, magunia matatu yako chini, moja limepasuka. Yule mwanamke ameruka, amekaa barabarani, anajishika miguu kuona kama ipo. Hakuumia. Hakuna aliyeumia. Naandika tena. Hakuna aliyeumia.

Mume wake akaja dirishani. Mtu mpole. Afadhali angenitukana.

"Mama, hukutuona?"

"Nimewaona, baba."

"Sasa?"

 Na hapo Zeno, ametazama mbele moja kwa moja, ng'ombe wamejaa kioo kizima, akauliza, "Ni nani huyo? Tumegonga nini?"

Niliona anajifanya. Namjua, akikosea anajifanya mjinga. Nilimchukia pale kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nikatoa plaizi kwenye boksi la vyombo, nikafungua boneti, nikaukata waya wake. Nikarudi nikang'oa kirungu, nikakitupa mashambani kwa nguvu zangu zote.

Nikawasaidia kupakia. Tukaokota mahindi punje kwa punje, mimi na yule mwanamke. Nikamwomba radhi. Akasema, "Mshukuru Mungu, mama." Bila hasira yoyote. Zeno hakushuka.

Laela nikasimama kwenye kituo cha basi. Nikamwambia ashuke, apande basi, tutaonana Mbeya. Nilimaanisha.

Akashika mlango kwa mikono miwili.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kupanda basi peke yangu."

Mtu aliyefika Kigoma. Nikadhani ni kiburi. Nikaondoa gari moja kwa moja mpaka Mbeya.

Jioni hii Stella kampa chakula. Sahani iko mbele yake. Kauliza, chakula kiko wapi? Stella kanitazama. Mimi nikamtazama Zeno, jinsi mkono wake ulivyotafuta ukingo wa meza kwanza, halafu sahani.

Na alivyopapasa dashibodi.

Jumanne, 10 Juni

Siku zote ananiambia nisubiri nje. Leo nimeingia naye kwa daktari. Kabla hajakaa nikasema, mpime macho.

Zeno kasema macho hayana neno.

Muuguzi akainua vidole vinne. "Viwili," kasema Zeno, haraka, kama mwanafunzi anayebahatisha. Muuguzi akakunja ngumi. "Vitatu."

 Nilitazama ile ngumi mpaka alipoishusha.

Daktari kamulika kwa taa yake muda mrefu. Sukari imeharibu mishipa ya ndani. Jicho la kushoto ni kama halipo. La kulia linaona mwanga, na kivuli cha kitu pembeni. Watamchoma kwa mwanga wao maalumu ili kilichobaki kisipotee. Kilichokwisha potea hakirudi. Akauliza ilianza lini.

"Mwaka jana," kasema Zeno. "Kabla ya kidole."

Kabla ya kidole. Kabla ya kidole alikuwa bado anaendesha. Pasaka ya mwaka jana alitupeleka Laela, mimi na watoto wa Stella nyuma, wanaimba. Alikuwa anasikiliza matairi.

Nimetoka nje nikasimama ukutani. Wanawake wawili wakanipisha kwenye benchi, wakidhani nimefiwa. Sikulia. Nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma. Kila ujumbe wa simu aliosema herufi ndogo, nimsomee. Bega langu kila Jumapili. Nilidhani ni uvivu. Nilidhani ni dharau. Mwaka mzima amenifanya nimchukie kwa jambo ambalo silo.

Jumatano, 11 Juni

Tumerudi. Kaongea kuanzia Tunduma, bila mimi kumuuliza.

Anasikiliza injini. Kwa mlio anajua kama tunapanda, tunashuka, mwendo ni upi. Nikiachia mafuta anajua mbele kuna kitu, lakini hajui ni nini. Ni mtoto, ni tuta, ni roli limekuja upande wetu? Hapo ndipo anaposema punguza, anaposema ongeza. Anasema chochote, ili nijibu.

Hiyo kruzi ingeshika mlio mmoja njia nzima. Asingejua lolote. Ndiyo maana alimpigia Ozwadi.

"Na waya?" nikauliza.

"Waya ningeushika mimi. Nilitaka kitu kimoja cha gari kiwe mkononi mwangu."

"Ungetuua."

"Najua."

"Ungewaua wale watu."

"Najua, mama."

Sikumfariji. Sikuwa na kitu cha kumpa. Alikuwa analia na mimi nilikuwa naendesha.

Tulipofika karibu na Mpui nilipunguza mwendo bila kukusudia. Alama za matairi yetu bado ziko kwenye mabua. Kauliza, "Ni hapa?"

"Ni hapa."

Kavua kofia. Kaishika mapajani mpaka mjini.

Jumapili, 15 Juni

Pius kaja na kuku kutuliza mambo. Nikamuuliza uani, watu wakisikia: ulijua kama haoni?

Kajikuna shingo. Alijua. Yeye ndiye aliyekuwa anamsindikiza kliniki ya macho ya mjini hapa, mara mbili, wakaambiwa waende Mbeya, wakakubaliana nisiambiwe. Siri ya wanaume. Na kwa siri hiyo akaja akamfungia kipofu waya wa mafuta.

Nimemwambia asikanyage uani kwangu tena. Aondoke na kuku wake. Zeno alikuwa ndani, dirisha liko wazi, alisikia yote. Hakumtetea.

Baadaye kanisani sikumwacha nyuma. Nilitembea taratibu. Lakini sikumsemesha, na watu walipomsalimu sikumwambia ni nani. Nilimwacha abahatishe. Ulikuwa ubaya, na nilijua ni ubaya.

Jumanne, 24 Juni

Mota imefika. Ozwadi kanipigia mwenyewe, safari hii.

Nimekaa na simu nusu saa kabla ya kwenda. Goti linasema funga. Upande wa pili kuna mtu ambaye mlio wa injini ndiyo macho yake. Nimemfikiria vibaya na vizuri. Nikisema sifungi, naendelea kuvimba na siku moja mguu utashindwa kufika kwenye breki. Hiyo nayo ni ajali.

Kumbe vitufe vinakuja vya namna mbili. Namna moja ina taa tu, ya kijani ikishika, inazimika ikiachia. Namna ya pili inalia. Mlio mmoja ikishika, milio miwili ikiachia.

"Chukua ya taa, mama. Hii ya mlio wengi hawaipendi, inasumbua masikio."

"Nifungie inayolia."

Kataka kuuliza, akaacha.

Si mapenzi. Naandika hapa ili nisijidanganye. Sitaki tu aniulize kila dakika.

Jumamosi, 28 Juni

Ozwadi kafunga. Sumaku kwenye propela, swichi kwenye breki, swichi kwenye klachi, mota imebanwa mbali na joto la injini. Matundu ya Pius kayaziba kwa kipande cha bati. Baya, lakini imara.

Tumetoka kujaribu, mimi na Ozwadi, njia ya Mpui. Nimeshika sabini. Ikalia. Nikatoa mguu.

Sikujua niuweke wapi. Uliganda hewani kama wa kuku. Halafu nikaushusha sakafuni, nikaunyosha, goti likakunjuka, na barabara inaendelea kuja.

Nikagusa breki. Ikaachia. Nikashika tena, nikagusa klachi. Ikaachia. Kwenye mteremko ikapitiliza kidogo, Ozwadi kasema ndivyo ilivyo, kwenye mteremko shika mwenyewe. Kuna mara moja ilikataa kushika, tukasimama, akaingia chini, sumaku imelegea. Akaikaza. Nikamwambia tunarudia yote. Kasema mama, inatosha. Nikamwambia wewe hukuokota mahindi ya watu barabarani.

Tumerudia mpaka akanyamaza.

Nyumbani Zeno alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia gari kabla halijakata kona, najua. Kauliza kama breki inaikata. Nikasema inaikata. Na klachi? Na klachi. Kauliza swichi ya breki imefungwa wapi, nikamweleza, akasema sawa, pale ni pazuri.

Ni mazungumzo ya kwanza kati yetu tangu turudi.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, cherehani imepumzika. Tumeondoka asubuhi, kesho ni kliniki na macho. Baridi, jua jeupe.

Mpaka Mpui niliendesha kwa mguu. Matuta mengi, watoto wengi. Tulipotoka kijijini nikamwambia, nawasha sasa, sabini. Ikalia. Akashika kiti.

Nikaanza kumtajia. Sikupanga. Baiskeli kushoto, tumeipita. Roli linakuja, limejaa magunia. Limepita. Ng'ombe kulia, wako mbali na barabara, mchungaji kajifunika shuka jekundu. Mwanzo hakujibu. Baadaye akaanza kusema "ehe" kila ninapomaliza.

Karibu na Laela kauliza kama ulezi umevunwa. Nikamwambia nusu. Uliobaki umekauka, rangi ya kahawia, umelala upande mmoja kwa upepo. Kauliza upande upi. Nikamwambia wa mashariki. Kageuzia uso upande huo.

Nimemwambia bado sijamsamehe ya Pasaka. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama hilo nalo ni kitu cha barabarani. Kasema hata yeye hajajisamehe. Hatukuliendeleza.

Baada ya Laela barabara ikawa tupu. Mguu wangu sakafuni, mikono kwenye usukani. Nikamtajia nyumba ya bati jipya. Mbuzi wamefungwa. Mwanamke na mzigo wa kuni, na kuni nyingine ndogo kichwani kwa mtoto wake. Kilima kile chenye mawe. Sikusikia "ehe". Nikageuka kidogo.

Amelala, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi. Hajawahi kulala kwenye gari ninaloendesha.

Daraja, nikasema. Dogo. Maji yamepungua.